Kiwanja cha gereji ya zamani, ripoti inasema "kimepita". Tujenge chekechea?

MwanaKisauni aliuliza:

Salaam wakuu. Naomba wenye ujuzi wa mambo ya udongo na maji wanisaidie kabla hatujagombana nyumbani.

Marehemu baba ametuachia kiwanja Kisauni, Mombasa. Tangu tukiwa wadogo kilikuwa gereji ya malori. Getini palikuwa na pampu ya petroli na ya dizeli, matangi yake yamefukiwa chini. Nyuma, pembeni mwa ukuta, alikaa fundi wa betri. Huyo kazi yake ilikuwa kuvunja betri kuukuu, tindikali anaimwaga hapo hapo, halafu risasi, yale madini ya ndani ya betri, anaiyeyusha kwenye sufuria na kuwamiminia wavuvi chubwi za mishipi. Pampu zilifungwa zamani, fundi naye ni marehemu. Matangi bado yamo ardhini.

Sasa sisi watoto tumekubaliana mbele ijengwe chekechea, maana dada yetu ni mwalimu na ndiye atakayeiendesha. Nyuma zije nyumba za kupangisha. Katikati kuna kisima cha mzee ambacho mtaa mzima unachota, na wenye mikokoteni wanajaza madumu ya kuuza mifereji ikikauka, yaani karibu kila siku.

Tulimlipa mtaalamu apime. Nilikuwepo siku ile. Vijana wake walichota udongo sehemu tano, wakauchanganya kwenye ndoo moja, wakajaza mfuko mmoja. Maji ya kisima waliyachota kwa kata, wakayatia kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kununua, na chupa ikakaa kwenye dashibodi ya gari mpaka jioni. Ripoti imekuja na jedwali na muhuri. Risasi kwenye udongo miligramu 410 kwa kilo, kiwango 530, imepita. Mafuta ya petroli na dizeli kwa jumla 3,200 kwa kilo, kiwango 5,000, imepita. Benzini (kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli) kisimani mikrogramu 18 kwa lita, kiwango 30, imepita. Risasi kwenye maji "haikuonekana". Chini wameandika viwango ni vya Kiholanzi, na kwamba hakuna haja ya kusafisha.

Kaka mkubwa anasema muhuri umegongwa, tuite fundi wa msingi. Dada hataki. Anasema haingizi mtoto wa mtu pale mpaka risasi iwe sifuri. Mimi niko katikati. Kwa nini tutumie namba ya Uholanzi? Na kama si hiyo, tushuke mpaka ngapi, na nani mwenye mamlaka ya kusema basi, inatosha?

Kontrakta_001 alijibu:

Mkuu hapo hamna kesi. Toa matangi, mwaga zege kiwanja kizima, jenga. Nusu ya mji huu imekaa juu ya gereji za wazee wetu. Ukianza kuwinda risasi utauza kiwanja kuilipa maabara.

MtuWaLikoni alijibu:

Salaam kutoka Rotterdam, Uholanzi. Mimi ni mtoto wa Likoni, huku nafanya kazi kwenye mitambo ya kuchimba udongo mchafu, kwa hiyo jedwali hilo nalijua kuliko ninavyolijua jedwali la kuzidisha. Na linaniuma kila nikiona linavyotumiwa nyumbani.

Hizo 530, 5,000 na 30 si viwango vya kufaulu. Ni namba za kengele. Kwa sheria ya udongo iliyotumika huku mpaka mwisho wa 2023, zikivukwa kwa wastani ndani ya angalau mita 25 za ujazo za udongo, au mita 100 za ujazo za ardhi iliyolowa maji, basi tatizo lilihesabiwa kuwa kubwa na lazima lichunguzwe: nani anaishi hapo, nani anakunywa, uchafu unasafiri au umetulia. Kuwa chini ya namba hiyo hakumaanishi udongo ni safi. Mafuta hayo hayo kwenye udongo, namba yao ya udongo safi ilikuwa 50, si 5,000. Katikati hapo kuna bonde zima, na mtaalamu wenu amelivuka kwa hatua moja.

Tena kuna jambo watu hulisahau makusudi. Namba za udongo zimeandikwa kwa udongo wa mfano, wenye udongo wa mfinyanzi asilimia 25 na mboji asilimia 10. Ukiwa na udongo mwingine unatakiwa uzirekebishe. Kwa risasi unachukua 530, unazidisha kwa jumla ya 50 na asilimia ya mfinyanzi na asilimia ya mboji, kisha unagawa kwa 85. Kwa mafuta unafuata mboji peke yake, na ikiwa chini ya asilimia 2 unahesabu 2. Kisauni kwetu ni mchanga na matumbawe. Tazama nyuma ya ripoti kama waliipima hali ya udongo.

Kuhusu "sifuri" ya dada yako, Waholanzi walijaribu kitu cha namna hiyo. Mwaka 1980 mtaa mpya wa kijiji cha Lekkerkerk, si mbali na hapa nilipo, uligundulika umejengwa juu ya mapipa ya taka za kemikali. Watu walihamishwa, nchi nzima ikatetemeka, sheria ya muda ya kusafisha udongo ikaanza kutumika mwaka 1983. Msimamo ukawa kila udongo mchafu usafishwe hadi ufae kwa matumizi yoyote yale, awe mkulima, awe mtoto, awe mwenye kiwanda. Ulikuwa msimamo mzuri sana kwenye karatasi. Gharama zikawashinda, maeneo yakakaa na uzio miaka na miaka bila kuguswa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakarudi kwenye kusafisha kulingana na matumizi. Kwa hiyo dada ana haki ya kuogopa, lakini sifuri haijawahi kupatikana hata kwa wenye pesa.

MwanaKisauni alijibu:

Ahsante sana kaka. Nimepekua, iko ukurasa wa mwisho kabisa: mfinyanzi asilimia 5, mboji asilimia 1. Maana yake nini?

MtuWaLikoni alijibu:

Maana yake hamkupita hata kwa mtihani mlioukopa. Risasi: 530 mara 56, gawa kwa 85, ni 349. Nyinyi mna 410. Mafuta: 5,000 mara 2 gawa kwa 10, ni 1,000. Nyinyi mna 3,200. Mrudishieni ripoti yake.

BiSampuli alijibu:

Mwanangu, nimestaafu lakini mikono yangu bado inanuka petroli ya visima vya watu, basi nivumilie, nitaandika kirefu.

Kwanza weka kando namba zote. Chukua ramani ya kiwanja na uniambie nani atakanyaga wapi, na kitu gani kitamfikia kwa njia ipi. Lengo la kusafisha linatoka hapo, halitoki kwenye jedwali la nchi yoyote. Kiwanja chako kina watu wa aina tatu: mtoto wa miaka mitatu anayechezea udongo na kulamba vidole, mpangaji anayelala chumba cha chini, na jirani anayekunywa maji ya kisima ambaye hata langoni kwenu hajawahi kuingia. Kila mmoja ana namba yake, na namba zao hazifanani.

Nianze na mtoto. Mahesabu ya kawaida ya Wamarekani humkadiria mtoto mdogo wa kilo 15 kumeza hadi miligramu 200 za udongo na vumbi kwa siku. Mpe udongo wa 410. Hiyo ni mikrogramu 82 za risasi kila siku. Sasa tazama upande wa maji: Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na mtoto huyo akinywa lita nzima ya maji yaliyo kwenye mpaka huo anapata 10. Udongo wenu unampa mara nane ya hapo. Najua si yote inayonyonywa na mwili, ya udongo hunyonywa pungufu kuliko ya maji, lakini pengo ni kubwa mno kulifuta kwa hoja hiyo. Shirika hilo hilo linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwa mtoto kinachoumia ni ubongo.

Ndiyo maana Marekani, waliokaa na 400 kwa udongo wa makazi miaka mingi, waliishusha ikawa 200 mwaka 2024. Jimbo la California lenyewe lilikuwa na 80 tangu kabla. Risasi ni ile ile, watoto ni wale wale. Tofauti ni swali waliloanza nalo: tunakubali damu ya mtoto ipande kwa kiasi gani? Ukishalijibu hilo, udongo unahesabika wenyewe. Kwa hiyo mtu akikuletea namba, muulize ilihesabiwa kwa ajili ya nani. Akikosa jibu, namba hiyo ni pambo.

Kwa uwanja wa chekechea mimi ningeandika lengo la 200, wastani, sentimita 30 za juu, na hakuna sehemu moja moja itakayozidi 400. Andika yote matatu. Lengo lisilosema kina na lisilosema wastani wa eneo gani ni lengo la kumpa mtu nafasi ya kudanganya.

Na hapo ndipo ndoo yako inaponichoma roho. Sehemu tano zimechanganywa, jibu 410. Tufanye nne kati yake zilikuwa mbali na fundi wa betri, zina 50 kila moja. Ya tano basi ina 1,850. Ndoo imeificha pembe ya betri ndani ya uwanja mzima, na mtoto hachezi kwenye wastani wa uwanja, anacheza palipo na kivuli. Pembeni mwa ukuta pana kivuli, sivyo? Piga gridi, yaani gawa kiwanja kwa miraba, kila chumba cha gridi sampuli yake, na pembe ile ichimbuliwe kidogo kidogo, sentimita 5 za juu kwanza, kisha 15, kisha 30, kisha chini zaidi. Tindikali ilimwagwa pale, na tindikali huishusha risasi chini kuliko inavyoshuka yenyewe.

Dada anataka sifuri. Mwambie risasi imo ardhini tangu dunia iumbwe, tena petroli yenye risasi ilichomwa barabarani mpaka ilipoondolewa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Chukueni sampuli kadhaa mahali ambapo hapakuwa na gereji, shamba au ua wa msikiti, mjue mtaa wenyewe una ngapi. Chini ya hapo hakuna anayeweza kushuka, kwa sababu hata udongo safi wa kujazia utakaonunua utakuja na ya kwake.

Sasa maji, maana hapa mmefanya jambo baya zaidi kuliko udongo. Ile 30 ya Uholanzi ni kengele ya maji yaliyo ardhini. Haikuandikwa kwa ajili ya mtu aliyeshika kikombe. Kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani linasema benzini isizidi 10, Marekani wanasema 5. Nyinyi mna 18. Tena hiyo 18 siiamini. Benzini inaruka. Inatakiwa chupa ndogo ya kioo ya mililita 40, ijazwe mpaka isibaki hata tone la hewa, ukiigeuza juu chini usione povu linatembea, kisha iende kwenye barafu mara moja mpaka maabara. Yenu ilichotwa kwa kata, ikamiminwa kwenye plastiki, ikaoka kwenye dashibodi. Kilichosalia ni 18. Kilichokuwa kisimani ni zaidi.

Na hiyo "haikuonekana" ya risasi, tafuta kando yake maabara imeandika mashine inaanzia kuona wapi. Nimewahi kuona ripoti inajivunia "haikuonekana" kumbe mashine haioni chochote chini ya 50, na lengo ni 10. Hilo si jibu, ni mtu aliyefumba macho akasema chumbani hamna mtu. Kabla ya kupima chochote, mpelekee maabara malengo yako umuulize kama anaweza kuyafikia. Akisema hawezi, beba sampuli zako uende kwingine.

Wakati mnabishana, kisima kifungwe kwa kunywa na kupikia leo hii. Si baada ya ripoti ya pili. Na wenye mikokoteni waambiwe, wasidanganywe kwamba pampu imeharibika, maana watarudi usiku na ndoo.

FundiVisima_Kilifi alijibu:

Bi Sampuli amenimalizia maneno, naongeza la kisima tu.

Huko Kisauni maji matamu ni tabaka jembamba lililokalia maji ya chumvi. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango, maji hayatembei taratibu kama kwenye mchanga, yanapita njia zake. Nimeona kisima cha hatua chache kutoka kwenye tangi linalovuja kiko safi, na cha mbali zaidi kinanuka, kwa sababu ufa umepita huko. Kwa hiyo msipime kisima chenu peke yake. Wapimeni majirani, hasa upande wa kuelekea baharini au kwenye hori (ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu), maana maji ya chini huelekea huko.

Pimeni maji yakiwa yamejaa na yakiwa yametoka. Kina cha kisima kinapanda na kushuka kwa bahari, na petroli inayoelea juu ya maji inapanda na kushuka nayo, inapaka jiwe lote la katikati. Halafu masika yakija yanaliosha. Ukipima kiangazi peke yake utafurahi bure.

Na msije mkafunga pampu kubwa "kuyavuta maji machafu yaishe". Mkivuta kwa nguvu mnaleta chumvi kutoka chini na petroli kutoka getini, vyote viwili vije kisimani kwenu. Nimelipwa mara nyingi kuchimba kisima kipya kwa sababu ya kosa hilo, sitaki hela ya namna hiyo.

Kontrakta_001 alijibu:

Sawa nimesoma, lakini bado sijaona kwa nini zege lisitoshe. Mtoto halambi udongo ulio chini ya zege.

BiSampuli alijibu:

Kwa risasi una hoja, wala sikukatalii. Risasi haina mvuke, haiozi, na pasipomwagwa tindikali hukaa pale pale. Ukiifunika vizuri na funiko likadumu, njia ya kwenda kwa mtoto imekatika. Lakini tangi la petroli lina benzini, na benzini inapanda kama hewa kupitia nyufa za sakafu, kwenye bomba la choo, inaingia darasani. Zege linawazuia watu kuiona tu. Na chini ya zege bado inateremka kisimani. Kwa hiyo udongo wa getini unahitaji malengo mawili: moja la mvuke kwa atakayelala juu yake, jingine la kulinda maji yaliyo chini yake. Chukua lile dogo. Mara nyingi la maji ndilo dogo, na ndilo watu hulisahau kwa sababu wanatazama mtoto peke yake.

Tena kabla ya lengo lolote la namba pale getini, shusha kifaa cha kuchotea ndani ya kisima cha uchunguzi, yaani kitobo kinachochimbwa kwa kupimia tu, uone kama kuna petroli inaelea. Ikiwepo, hata unene wa ukucha, acha kuzungumza mikrogramu. Toa matangi, toa mafuta yanayoelea, ndipo upime. Hakuna maji yatakayofika 10 huku petroli yenyewe imekalia juu yake. Habari njema ni kwamba benzini huliwa na bakteria wakipata hewa, kwa hiyo chanzo kikishaondoka mnaweza kukubaliana na mamlaka lengo la kisima lifikiwe kwa muda, huku mnapima kila msimu wa mvua na wa ukame. Risasi haina neema hiyo.

Nani mwenye kusema basi? Nyinyi mnapendekeza malengo na hesabu zake, NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, inakubali au inakataa, na yakikubaliwa yaandikwe ndani ya masharti ya leseni yenu ya tathmini ya mazingira. Mkikaa kimya likatokea jambo, kifungu cha 108 cha sheria ya mazingira ya 1999 kinaipa NEMA uwezo wa kuwapa nyinyi amri ya kurejesha ardhi ilivyokuwa, na hapo namba mtapangiwa. Msingoje huko. Kesi ya Owino Uhuru mmeisikia wote, kiwanda cha kuyeyusha betri pale Mikindani kilichowatia wakazi sumu ya risasi, kilianza 2007 kikafungwa 2014, mahakama ya Mombasa ikatoa hukumu 2020, rufaa ikaivuruga, Mahakama ya Juu ikairudisha mwishoni mwa 2024. Kila mtu anaijua shilingi bilioni 1.3 ya fidia, na wengine wanaijua milioni 700 ya kusafisha. Simamisha watu kumi barabarani uwaulize udongo wa pale ulitakiwa ushuke mpaka miligramu ngapi, kina gani, apime nani. Mimi nimewauliza hata wanaharakati, hawajui.

MwanaKisauni alijibu:

Bi Sampuli, shikamoo, na ahsante kwa kweli. Kisima tumefunga jana, dada amebandika karatasi na majirani wamekasirika, lakini wameelewa. Kaka naye amelainika baada ya ile hesabu ya 349, amempigia mtaalamu simu na hapokei.

Swali la mwisho ni la pesa. Tukisema 200 kiwanja kizima tutachimba mpaka tufilisike. Kuna njia ya kupunguza bila kumuumiza mtoto?

BiSampuli alijibu:

Marahaba mwanangu. Iko, nayo ni kalamu ya mchoraji. Hamjajenga bado, kwa hiyo hamisheni matumizi kabla ya kuhamisha udongo. Madarasa msiyaweke getini juu ya shimo la matangi. Hapo pawe maegesho na njia ya magari, hapalaliwi wala hapasomewi. Pembe ya betri pia isiwe uwanja wa kuchezea wala nyumba ya chini. Chekechea ije katikati, kama gridi itaonyesha ni safi. Mkifanya hivyo lile lengo la 200 linabaki kwenye uwanja wa watoto na njia zao, na pembe ya betri mnaweza kuiandikia lengo la mahali pa watu wazima, juu yake funiko la kudumu. Ila sharti moja: hilo funiko na kwa nini lipo viandikwe kwenye hati na kwenye mikataba ya wapangaji. Bila hivyo, mjukuu wenu atakuja kulipasua apande mchicha.

Mahali mtakapochimba, toeni sentimita 30, mkiweza 60 palipo na bustani, tandazeni kitambaa cha rangi kali chini ili atakayechimba baadaye ajue amefika mpaka, kisha mjaze udongo uliopimwa. Kabla ya kujaza, chukueni sampuli za sakafu ya shimo na za kuta zake zote nne. Shimo likishajazwa hakuna mtu atakayekubali kulifukua tena, na mkandarasi anajua hivyo.

Na udongo mnaoutoa ndio unaonipa wasiwasi kuliko yote. Huku kwetu udongo wa kuchimbuliwa una soko, kuna mtu ana bonde anataka kulijaza. Niliona lori la udongo wa gereji likimwagwa kwenye kiwanja cha mjane aliyedhani amepata bahati ya bure. Msafirishaji awe na leseni ya NEMA ya taka hatari, kila lori liwe na karatasi yenye uzito wakati linatoka na sahihi ya aliyelipokea, na dada yako akae langoni na daftari. Msimlipe dereva mpaka karatasi ya pili irudi.

FundiVisima_Kilifi alijibu:

Nikija upande wa Mombasa nitapita niwaonyeshe hori liko wapi kutoka kisimani. Nitafuteni kwenye ujumbe wa ndani. Na jirani akiwapa klorini ya kumwaga kisimani, msiimwage, klorini haiondoi benzini.